Wasifu wa Mgeni Mkuu

Nilikuwa MC wa kongamano la wafanyabiashara kwenye hoteli moja Milimani, Nakuru. Nilikuwa nikisoma wasifu wa mgeni mkuu: alianza kama karani wa pareto, akawa meneja, kisha mkurugenzi. Simu ikatetemeka juu ya karatasi. Ni ujumbe wa mama, kutoka Kihoto kule Naivasha: ziwa limeingia hadi jikoni. Ningefanya nini, na kipaza sauti mkononi? Nikaendelea na vyeo vya watu. Simu tena: “Nimepanda juu ya meza.” Watu wakapiga makofi, mgeni akachukua kipaza sauti.

“Mwambie jirani yako, hakuna kitu kitakushinda!”

Ukumbi mzima ukageukiana. Pale jukwaani, jirani yangu alikuwa yeye. Nikamgeukia, nikamwambia hakuna kitu kitamshinda.