Mpwa wangu anasema mafungu ni kumi, jibu la kitabu ni kumi na mbili, kumbe kichwa maji nilikuwa mimi

Wakuu, habari za mchana.

Anayetaka chai za kutunga akachemshe kwake. Hapa naleta kilichonikuta mwenyewe, na kwa sehemu kubwa kinaniaibisha.

Naishi Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Nimekulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana majirani hapa wananicheka, eti naongea kama redio.

Dada yangu anauza nyanya. Asubuhi anavuka na beseni kwenda Goma, jioni anarudi. Binti yake, tumwite Aline, alikuwa P4, yaani darasa la nne. Mwalimu alimwita dada akamwambia hesabu za mafumbo zinamwangusha huyu mtoto, akifeli tena mtihani wa mwisho atarudia darasa.

Dada akaja kwangu na daftari.

"Kaka, table zote za kuzidisha anajua. Lakini ukimupa hesabu ya maneno, bon, anapotea. We ulisoma, umusaidie."

Aline mwenyewe hataki hata kusikia neno kurudia. Wenzake waende P5, yeye abaki na wadogo? Alishaanza kusema hataki shule tena. Hilo liliniuma sana.

Sasa mimi nina haraka, nakiri. Nikaamua tatizo ni Kiingereza, maana maswali yote yako kwa Kiingereza na nyumbani kwao ni Kinyarwanda. Nikawa namtafsiria.

Swali lenyewe: mama ana nyanya 60, anazipanga mafungu ya nyanya tano tano. Atapata mafungu mangapi?

Aline akasema kumi.

Nikarudia kwa Kinyarwanda. Kumi. Kwa Kiswahili. Kumi! Haya, 60 gawanya kwa 5? "Kumi na mbili, tonton," ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake. Sasa mafungu mangapi? "Kumi."

Wakuu, nilipandwa na hasira. Nikamwita kichwa maji. Mtoto akalia bila sauti, machozi yanadondokea daftari.

Nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikapitia daftari lake taratibu. Hesabu za ng'ombe, za matanki ya maji, za safari ya basi, zote kapata! Alizokosa karibu zote ni za mtu anayeuza kitu.

Nikamletea maharage kwenye sahani, ndiyo yawe nyanya. "Nisamehe, mwanangu. Achana na jibu. Nionyeshe huyo mama anavyopanga."

Akapanga tano, moja akaiweka juu. Tano nyingine, moja juu.

"Hiyo ya juu ni ya nini?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye wa P4. "Tonton, si ni matabishi? Usipoongeza moja, mukiliya hatarudi kwako."

Nyongeza, wakuu! Kila Jumamosi yuko sokoni na mama yake, hajawahi kuona fungu lisilo na nyongeza. Sitini kwa sita sita ni kumi. Mtoto yuko sahihi kabisa, ila kwa soko, si kwa kitabu. Nilijisikia vibaya mno.

Tukaanza upya. Kila nikitoka kazini ananisimulia swali kwa maharage, halafu tunaulizana: hili limeandikwa, au tumeliongeza sisi? Tuliloongeza analiandika pembeni kwa penseli, lisiingie kwenye hesabu. Kuna siku tulifanya swali moja tu, tukala na maharage yenyewe.

Mtihani ukaja. Kapita, yuko P5 sasa.

Dada alipoleta karatasi ya matokeo nikamweleza kisa cha mafungu. Nilidhani atacheka. Akakaa chini, akaniuliza polepole, "Donc, kumbe ni mi ndo nilikuwa namuangusha mutoto wangu?"

Kabla sijafungua mdomo, Aline akamjibu: "Hapana, mama. Ni tonton ndo alikuwa haulizi."

Mtoto akikosa, siku hizi kalamu nyekundu naiweka mbali kwanza, namwambia anisimulie anachokiona.

Walimu na wazazi mliomo humu, wa kwenu wanakwama wapi kwenye mafumbo? Na kama kuna mwingine aliyewahi kumwita mtoto kichwa maji bure, aje tukae benchi moja.