Sahani ya Baba Mdogo

Juzi nilipita mtaa wa Gungu nikakuta wanafunzi wakifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, nikakumbuka alasiri moja darasani kwa Baba.

Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Uvira tukikimbia vita, na siku hiyo alikuwa anafundisha kwa mara ya kwanza upande huu. Mimi, bado mtoto mdogo, nilikaa nyuma, nikisikia harufu ya chaki na ya dagaa walioanikwa nje. Baba alikuwa akieleza tamthilia ya Kimarekani kuhusu mama ambaye kila familia yake inapokula huzungumzia nyumba waliyoiacha. Wanafunzi walikuwa wakicheka Kiswahili chake cha Kongo.

“Mwalimu, huyo mama si asahau tu, ale wali wake?” kijana mmoja aliuliza.

Mimi nilidhani Baba anasimulia habari zetu na ameruka sehemu muhimu. Nikasimama. “Baba, hujawaambia kuhusu sahani ya Baba Mdogo.”

Wakacheka tena. Baba akaweka kitabu mezani. “Njoo mbele, mama, uwaambie.”

Nikawaambia kwamba kila jioni Mama humpakulia Baba Mdogo aliyebaki ng’ambo, na chakula kikishapoa tunakula sisi watoto. Leo najua aliyeandika tamthilia ile huenda hakuwahi kulisikia jina la Uvira.

Kijana yule akauliza taratibu, “Na leo mtampakulia?”

“Leo pia,” Baba alisema.

Nilirudi kukaa nimeinua kichwa. Baba akaendelea kusoma kwa Kiswahili kilekile, na hakuna aliyecheka.