Nundu ya Malou

Kambini Kakuma, Athieng alijulikana kwa punda wake, na punda alijulikana kwa jina. Kwao Bor, Sudan, Malou ni jina la ng'ombe dume wa kijivu, jina la kutungiwa nyimbo. Wadinka wenzake walipomsikia akimwita punda hivyo, walicheka hadi kushika mbavu. Yeye hakujali hata kidogo. Ng'ombe wa baba yake waliishia vitani, Mungu akampa punda, basi huyo ndiye ng'ombe wake. Kila asubuhi alimpaka majivu mgongoni kama wafugaji wa kwao, akamsifu kwanza, ndipo akamtandika wakaenda kubeba maji, kuni na mgao wa wajane wasiojiweza.

Siku yao kubwa ilikuwa Jumapili ya Matawi. Malou alimbeba Mchungaji Dau kuzunguka kambi, watu wakiimba nyuma, vumbi likitimka, na Athieng akiwa mbele ameshika kamba. Siku hiyo alijiona mtu mwenye mali na jina, kama alivyokuwa nyumbani. Mwaka mzima aliishi akiingoja.

Sasa mwaka wa tisini na saba, matawi yakiwa karibu kabisa, Malou akaanza visa. Tandiko likimgusa tu, anarusha mateke. Alimng'ata Athieng mkono, yeye ambaye hakuwahi kumng'ata hata nzi. Ayuen, mzee wa kanisa, akaja kumweleza kwa upole kwamba mfanyabiashara mmoja wa Lodwar angeleta punda kijana kwa lori. Malou apumzike, amezeeka.

Amezeeka vipi, Athieng alitaka kujua, na mwaka huu huu ameota nundu? Akamwonyesha. Kweli, juu ya mabega palikuwa pameinuka. Kwa Mdinka, nundu ni dalili ya ng'ombe aliyeshiba, na Athieng alikuwa ameshawaita majirani wote waje waitazame. Ayuen naye ni Mdinka. Aliikagua, akakubali kwamba ni nundu nzuri, ila mateke ni mateke.

Nakal, mwanamke wa Kiturkana aliyewaletea kuni, alifika wakati huohuo na salamu yake ya kila siku, "ejok". Athieng akamwita naye aje asifu. Nakal, aliyekua kati ya punda, alitua mzigo, akapitisha kiganja juu ya nundu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hii si nundu," alisema akijifuta machozi. "Ni mfupa. Nyama ya mgongo imekwisha, mfupa imebaki juu. Na wewe kila siku unakalisha mbao hapo."

Athieng akaipapasa mwenyewe. Kumbe alikuwa akitembeza maumivu ya Malou mtaani kama pambo! Aliuliza kwa sauti ndogo kama Malou atakufa.

"Hapana. Ni mzee tu. Hiyo tandiko ndio mbaya."

Mara huzuni ikamtoka. Kama ubaya ni wa tandiko, basi tandiko litatengenezwa! Fremu ile ya mbao ilichongwa na fundi Mutua wa Lodwar, Malou akiwa bado na mgongo mpana kama meza. Athieng akakimbilia blanketi alikunje aliweke chini yake, Nakal akamkataza: litazidi kumkandamiza palepale. Athieng akavua ngata kichwani ili ajikune, akabaki ameikodolea macho. Ngata ina tundu katikati. Mzigo hukaa pembeni, utosi ukapumua.

Wakapasua blanketi, wakashona mito miwili mirefu ya gunia, mmoja kila upande wa fremu, katikati pakabaki wazi. Nakal akapaka unga wa mgao juu ya uti wa mgongo wote, wakamtandika, wakamtembeza. Walipoinua tandiko, unga ulikuwa umefutika mabegani: bado liligusa mfupa. Wakafumua, wakanenepesha mito kwa mbele, wakapaka tena. Majirani wakajaa, kila mmoja fundi, kila mmoja na shauri lake. Mwishowe tandiko likainuliwa na mstari mweupe ukawa umebaki mzima, na uwanja ukalipuka kwa makofi.

Lakini hilo lilikuwa tandiko tupu. Jumapili alfajiri punda wa Lodwar alikuwa keshafungwa nyuma ya kanisa, mnene, anang'aa. Ayuen alisema teke moja tu, basi.

Athieng alipaka unga, akatandika, akamsaidia Mchungaji kupanda. Malou akalaza masikio nyuma. Watu wakarudi nyuma hatua. Kisha masikio yakasimama, mguu mmoja ukatoka, na wa pili, na nyimbo zikaanza. Walizunguka kambi yote. Athieng hakusikia hata ubeti mmoja. Alikuwa akihesabu pumzi za punda nyuma yake.

Mlangoni pa kanisa, Mchungaji hajakaa sawa juu ya miguu yake, Athieng alikwisha kufungua mikanda na kuinua tandiko. Mstari wa unga ulikuwa pale, mweupe, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Akapiga vigelegele vya kupasua anga. Mchungaji akadhani ni vya Bwana, akainua tawi lake akaitikia hosana, na kanisa zima likapokea. Athieng hakumsahihisha mtu. Aliendelea kupiga, mkono wake juu ya ule mfupa aliouita nundu.