Dizeli ya Kuendea Sokoni

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilishamsingizia mtu, na ndiyo maana naandika. Jina msinitafute. Watu wa mtaa wetu wa Itetemia watanijua, na wacheke tu.

Shule niliishia darasa la tatu. Lori langu la kwanza lilitokana na asali na tumbaku ya Ipole, na lilikuwa la dizeli. Ndilo lililonijengea nyumba. Kwa hiyo uzeeni, nilipotaka gari la heshima, haya ya familia yaliyoinuka kidogo yanayotoka Japani, nikasema dizeli tu. Petroli waachiwe vijana wa kupaka nywele mafuta.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, alinijia kwa adabu. Akauliza nitakwenda nalo wapi. Nikamjibu msikitini, sokoni na dukani kwangu.

"Baba, dizeli za siku hizi zina chujio la moshi," akasema. "Lisipopata safari ndefu likachemka, linaziba. Kwa mizunguko yako, chukua la petroli."

Nikamwuliza alikuwa wapi mimi nikisomba tumbaku kwenye matope. Hata ziwa alikuwa hajaachishwa.

Kiburi hiki! Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu begani. Mimi nimenunua mashine ya kufika pwani bila kupumua, naipeleka kununua dagaa.

Hata masika hayakuisha. Taa ya onyo ikawaka, gari likawa zito, linakohoa kama mimi. Siku hizohizo mkwe alikuwa ameliazima kumpeleka mama yake kliniki, akalirudisha kaongeza na mafuta. Basi, mchawi nimempata.

Ijumaa baada ya swala, barazani, mbele ya wazee wenzangu, nikamwambia, "Umenijazia petroli makusudi, ili maneno yako yatimie."

Kwetu mtani unamtukana mpaka alie kwa kucheka. Mkwe hatukanwi, hata mtoto analijua hilo. Akainamisha kichwa. "Nimesikia, Baba." Akaondoka. Wazee wakawa wanatazama kanzu zao.

Nikalipeleka kwa fundi, akafungua. Chujio masizi matupu, kama sufuria ya msibani.

"Mzee, petroli hamna humu. Gari hili halijawahi kukimbia."

Nilipaswa kwenda kwa mkwe siku ileile. Nikamtuma mke wangu na kuku wa kuomba radhi. Kuku akarudishwa, mzima, na salamu njema. Sikukuu imepita, wajukuu sijawaona.

Sasa ninyi mnaochagua magari kwenye simu: kama kila wiki uko safari ya mbali, Choma kwenye mnada wa ng'ombe, nunua dizeli, itakufaa. Kama safari yako ni msikiti na soko, nunua petroli, au baiskeli, vitambi mnavyo. Na aliyekuonya akiwa sahihi, nenda mwenyewe, mapema, kabla aibu haijaota mizizi.

Mimi chujio nimebadilisha, gari linanguruma vizuri. Kwa mkwe bado sijafika, na ni mtaa wa pili.