Sherehe ya wahitimu Kihesa: jembe la Leokadia na mpini uliobaki kwa bibi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni babu yenu, vidole vyangu vizito kwenye simu, mtanivumilia. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mahali pamoja nilishika nyundo mwenyewe.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Shule niliiacha darasa la tatu huko Mbeya. Akili ilikuwepo (naamini hivyo), ila miguu iliniwasha. Kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Moja likanishusha Iringa, nikapata kibarua cha shamba kwa Baba Leokadia, pale Kihesa. Enzi hizo Kihesa ni mahindi na mianzi tu.

Binti yake, Leokadia, alikuwa amemaliza darasa la nane shule ya serikali. Middle school, wakuu. Msichana! Wavulana wawili wa jirani nao walimaliza, watu wakaamua kuwafanyia sherehe wote watatu.

Sasa pale palikuwa na desturi. Kijana akishakuwa mtu mzima, mzazi anamkabidhi jembe mbele ya watu, pamoja na shamba lake. Ukilipokea, huondoki. Kuondoka ni kumwaibisha mzazi.

Baba Leokadia alimpenda mno yule binti. Alimwandalia kinyungu bondeni, bustani ya unyevu isiyokauka hata kiangazi. Akanituma jembe dukani, akaniambia nilitie mpini. Nikachonga mti mgumu, nikapigilia kabari, nikajisifu.

Tatizo, Leokadia alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu.

Baba hakukataa waziwazi. Alisema tu, "Chuo hakihami. Alime kwanza, tutaona."

Nilimkuta Leokadia jikoni anapepeta mahindi, machozi yanadondokea kwenye ungo. Kukataa zawadi ya baba mbele ya watu? Thubutu.

Siku ikafika. Kuku, ngoma, ulanzi wa kutosha (ni pombe ya mianzi, kwa msioijua, tamu asubuhi, jioni inakuuliza jina lako). Mwalimu wao alikuja na koti. Wavulana wakapewa majembe, vigelegele. Wao walitaka kubaki nyumbani, hawakuwa na neno.

Baba Leokadia akasimama na jembe lake. Kabla hajamfikia binti, bibi, yaani mama yake mzazi huyo baba, akanyoosha mkono.

"Hebu nilione."

Akalipokea, akaligonga kwenye jiwe. Mpini haukutoka. Akagonga tena. Wapi!

"We Mnyakyusa!" akaniita. "Nilidhani kwenu mnajua ndizi tu. Hili umelikaza jembe au nguzo ya nyumba? Njoo utoe mpini."

Watu wakacheka. Mimi nikamtazama Baba Leokadia. Ugali wake ndio uliokuwa tumboni mwangu.

"Unamwangalia nini huyo? Nimemzaa mimi."

Nikachukua nyundo, nikang'oa kabari. Bibi akampa Leokadia chuma peke yake.

"Hili ni la baba yako. Amekupa, umepokea, hakuna aliyeaibika. Mpini nakaa nao mimi. Ukimaliza huko chuoni, njoo uuchukue."

 

Baba Leokadia akaangalia chini, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. "Mama, umeniweza." Akamgeukia binti. "Kinyungu nitakulimia. Ukirudi ukakikuta na nyasi, unidai."

Leokadia akapiga magoti mbele ya baba yake, akakikumbatia kile chuma kama mtoto mchanga. Alisafiri nacho ndani ya sanduku la bati.

Mimi miguu ikawasha tena, nikarudi Mbeya, nikazunguka huko. Miaka ikapita. Siku moja nikapitia Kihesa, nikamkuta Leokadia yuko likizo. Mwalimu kamili!

Bibi akaufuata mpini darini, mweusi kwa moshi, akanikabidhi pamoja na lile jembe.

"Haya, utie. Lakini usikaze sana, Mnyakyusa. Mdogo wake yuko darasa la saba."

Tangu hapo, nikialikwa sherehe ya mhitimu, natazama kwanza zawadi: inamfungulia njia au inamfunga?

Kwenu wahitimu walikuwa wanapewa nini? Semeni, macho yangu bado yanasoma.