Wembe na Vishikwambi vya Mkuu

Wanafunzi walimpachika mwalimu wao wa hesabu jina la Wembe, na hawakumwonea. Ulimi wake haukuchagua wa kumkata, awe mtoto wa darasa la saba au Mkuu wa shule mwenyewe.

Vishikwambi vilipoletwa, Mkuu aliitisha semina. Walimu walikalishwa kwa vikundi maabarani, eti nao waonje kujifunza kwa kushirikiana. Mwezeshaji, kijana wa tai nyembamba aliyesema "tushirikishane" kila alipoishiwa maneno, aligawa kishikwambi kimoja kwa kila kikundi, waandae somo. Katika kikundi cha Wembe, mwalimu wa historia alijipiga picha, wa michezo alisinzia, na wa sayansi alisema yeye yuko pamoja nao kwa lolote watakaloamua. Wembe akaliandika somo zima peke yake. Ulipofika wakati wa kuwasilisha, wa historia alisimama, akakohoa, akalisoma kwa madaha kana kwamba amelizaa yeye. Mwezeshaji akapiga makofi, akasema huo ndio ushirikiano.

Jioni Wembe alimsimulia mumewe, huku akibetua midomo, jinsi watu wazima wanne walivyofanya kazi ya mtu mmoja. Mumewe alikuwa akipiga pasi. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Na darasani kwako je, mama watoto?"

Alijibu kwamba wa kwake hawathubutu.

Kesho yake alitazama vizuri. Kwenye kikundi cha dirishani, binti mmoja mrefu alikuwa amekikumbatia kishikwambi, anachora pembetatu na kukokotoa, wenzake wanapiga soga. Jibu lilipotoka sahihi, wote walipongezana. Wembe alikuwa akikisifu kikundi hicho tangu muhula uanze. Alimwita binti pembeni, akamuuliza kwa nini hawaachii wenzake.

"Nikiwaachia tutachelewa, mwalimu. Na wewe unataka jibu."

Wembe alijiona hana tofauti na yule mwenye tai, na hilo lilimchoma kuliko yote.

Basi akabadilisha sheria. Anayeshika kishikwambi ataandika alichoambiwa na wenzake tu, na wa kueleza ubaoni atapatikana kwa kura ya kuokota vikaratasi. Siku za mwanzo ilikuwa fujo tupu. Binti mrefu alilia kwa hasira. Kisha, taratibu, akaanza kuwaeleza wenzake badala ya kuwafanyia, nao wakaanza kumbishia.

Ndipo Mkuu alipoingia na wageni wafadhili, nyuma yao mpiga picha. Alimnong'oneza Wembe amsimamishe yule mrefu.

"Hapa anasimamishwa na kura, Mkuu," alijibu.

Kura ikamwangukia msichana waliyemwita Samahani, kwa kuwa hakufungua kinywa bila kuomba radhi. Aliomba radhi, akachora, akakosea, akafuta. Mwenzake akamuuliza upande wa chini kauacha wapi. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu mno kwa watu wenye ratiba. Wageni wakaangalia saa. Tabasamu la Mkuu likamkauka usoni. Samahani alipopata jibu, mpiga picha alikuwa ameshatoka nje, na darasa likampigia makofi bila mgeni hata mmoja.

Ofisini, Mkuu alimwambia Wembe kwamba ameiaibisha shule, na kwamba vishikwambi vitarudi kabatini mpaka darasa liwe tayari kuonwa na watu.

"Vifungie, Mkuu," alisema Wembe. "Huko kabatini havitakosea mbele ya wageni."

Alitoka ameshika tama. Alivitaka vile vifaa kuliko wote waliovipigia picha. Lakini wiki iliyofuata alikuja na karatasi za manila, akaweka kalamu moja kila meza, sheria zikabaki zile zile. Kelele zikapenya ukutani. Mwalimu wa darasa la jirani alipokuja kulalamika, Wembe alimwonyesha meza iliyopungukiwa mtu, akamwambia avute kiti.