Kiini Kilichotoka Jichoni Mwangu

Najicheka mwenyewe kwanza, kabla hamjanicheka. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Masuguru, Korogwe. Ijumaa iliyopita nilitoka harusini Mkata, macho nimeyapaka wanja ukakolea, nikapitiliza moja kwa moja hadi kwenye kikao cha wazazi. Nilitaka wakubali kutujengea maabara, hivyo niliwaletea hadubini yetu pekee wazione seli kwa macho yao.

Nikabandua utando wa kitunguu, nikauweka kwenye kioo, nikainama kurekebisha. Seli zilijipanga kama matofali, na katikati doa jeusi kubwa!

"Hicho cheusi ndicho kiini," nikatangaza. "Ndicho kinachoiongoza seli."

Wazazi wakapanga foleni, wakachungulia mmoja mmoja. "Subhanallah, nakiona!"

Mama Zuhura, mzazi wa kidato cha pili, akaomba tubadilishe, tuweke utando wa jani. Akachungulia. "Mwalimu, mbona kiini ni kile kile?"

"Kila seli inacho, mama," nikamjibu kwa madaha.

Akakitoa kioo, akachungulia tena. "Hata pasipo na kitu, kipo."

Nikainua uso nijitetee. Mabenchi yote yalijaa wazazi wenye jicho la kulia lililozungushiwa wanja wangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Athumani, mwenyekiti wao, akasimama.

"Maabara tutajenga. Hiyo hadubini ifute, tutazame tena. Ila kwanza, mwalimu, nipake na la kushoto, nisirudi nyumbani na jicho moja la harusi."